Ziara ya miguu katika miji ya kale ya Ulaya: namna ya kuichagua kabla hujalipa

Fungua tovuti yoyote inayouza ziara, andika Roma, Prague au Lisbon, na utaletewa mamia ya matangazo yanayofanana kama mapacha: picha ya mnara jua likizama, nyota nne na nusu, saa mbili na nusu za kutembea, "mwongozaji mahiri". Njia zenyewe hazipishani sana, kwa sababu mji wa kale ni mdogo na kila kundi hupita kwenye vichochoro vilevile. Yanayopishana ni mambo matatu ambayo tangazo huyataja kwa sauti ya chini au haliyataji kabisa: mtaingia ndani au mtasimama nje, mtakuwa watu wangapi, na nani hasa atakuwa anazungumza. Ukishapata majibu ya hayo matatu umekwisha kuchagua. Yanayobaki ni viatu, maji na saa.

Lisome tangazo kwa vitenzi vyake

Anza na mlango, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Matangazo yana vitenzi vyake: mtaona, mtapita, mtasimama mbele ya, mtatembelea, mtaingia. Ni "mtaingia" pekee ambayo lazima iwe na tiketi ndani yake. "Mtatembelea" ni neno la kuteleza, linabeba chochote. Chukua Pantheon, hekalu la kale la Roma. Zamani watu waliingia bure, lakini tangu Julai 2023 kuna tiketi, iliyoanza kwa euro 5. Ziara ya mji isiyoitaja tiketi hiyo itakuacha uwanjani ukitazama nguzo, wakati kinachowapeleka watu Pantheon kiko ndani: kuba la zege la karne ya 2 lenye tundu la karibu mita 9 juu kabisa, ambalo mwanga hushuka kupitia humo na kutembea ukutani kadiri siku inavyosogea. Kusimama nje si kosa, ila lipia bei ya kusimama nje.

Ukimaliza vitenzi, shuka chini kabisa kwenye orodha ya yaliyomo na yasiyokuwemo kwenye bei. Sehemu hiyo huandikwa kwa woga wa kulalamikiwa, kwa hiyo ina ukweli kuliko kichwa cha habari.

Neno la kuliangalia mara mbili ni "kuruka foleni". Kwenye majengo makubwa foleni si moja. Kuna ya kununua tiketi, kuna ya ukaguzi wa usalama, na penginepo kuna ya dirisha la makundi. Tiketi iliyonunuliwa mapema inakuondolea ile ya kwanza tu. Sainte-Chapelle, kikanisa cha kale cha Paris, iko ndani ya eneo la mahakama, Palais de Justice, na kila mtu hupita kwenye mashine ya ukaguzi, mwenye kundi na asiye na kundi. Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, ni hivyohivyo. Anayekuahidi kwamba hutasimama kabisa anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tiketi nyingi siku hizi zina jina la mtu. Colosseum ilianza utaratibu huo Oktoba 2023, na Alhambra, ngome ya kifalme ya Granada, Uhispania, nayo hudai jina na namba ya pasipoti au kitambulisho. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama hakuna anayekuita hivyo. Kampuni ikikubali kukuwekea nafasi Colosseum bila kukuomba jina, waulize watafanyaje langoni. Kwa Alhambra kuna la ziada: saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya kuingia makasri ya Nasrid, si ya kuingia bustanini. Ukiikosa saa hiyo, makasri yamekupita, na bila makasri hayo Alhambra inabaki kuwa kuta na maua. Mwongozaji mzuri hupanga matembezi yote kuizunguka saa hiyo moja. Muulize imewekwa saa ngapi.

Bei nayo ichanue. Tuseme ziara ya Colosseum inauzwa euro 65. Tiketi ya kawaida ya mtu mzima, ambayo inaingia pia magofu jirani ya Forum na kilima cha Palatino, ni euro 18. Zinabaki 47, na hizo ndizo malipo ya mwongozaji, kampuni na dalali aliyekuonyesha tangazo. Kama kundi ni la watu 10, bei hiyo ina maelezo. Kama ni la watu 30, unalipia kitu kingine. Na ukitaka kushuka vyumba vya chini ya uwanja, walikofungiwa wanyama, hiyo ni tiketi ya aina nyingine. "Ziara kamili ya Colosseum" haimaanishi chini mpaka pawe pameandikwa chini.

Vatikani panastahili aya yake. Ndani ya Kikanisa cha Sistina waongozaji hawaruhusiwi kuhutubia, na walinzi hunyamazisha watu kila mara. Kwa hiyo maelezo yote ya dari la Michelangelo hutolewa kabla, nje uani, mbele ya mabango yenye picha za michoro hiyo. Mwongozaji anayejua kazi hukaa kwenye mabango hayo dakika 15 hadi 20. Watu wengi huutumia muda huo kwenda msalani au kununua kahawa, halafu huingia kanisani, hutazama juu, na hawajui waanzie wapi. Usiondoke wakati wa mabango. Makumbusho ya Vatikani, ambamo kikanisa hicho kimo, hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi ambapo kuingia ni bure na msongamano hauelezeki. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume pia.

Hesabu ya kundi

"Kundi dogo" halina kipimo. Kwa kampuni moja ni watu 8, kwa nyingine 25. Tafuta tarakimu, isipokuwepo, iulize.

Sababu ni hesabu nyepesi. Ziara ya saa mbili huwa na vituo kama 12. Kundi la watu 35 likitembea kwenye kichochoro linakuwa mkia mrefu, na mwongozaji mwenye adabu hawezi kuanza kusema hadi wa mwisho afike. Mpe dakika 2 kila kituo: dakika 24 zimekwenda kwa kusubiriana. Kundi la watu 10 hujikusanya kwa nusu dakika, yaani dakika 6 kwa ziara nzima. Hapo hujahesabu taa za barabarani zinazolikata kundi vipande viwili, wala mtu wa thelathini anayeuliza msalani ni wapi.

Kisha kuna kusikia. Kwenye uwanja wenye tramu na wapiga muziki, sauti ya mtu bila kifaa huwatosha watu 12, labda 15. Zaidi ya hapo lazima kuwe na redio ndogo za kuvaa shingoni zenye kisikizi cha sikio. Redio hizo zinasaidia sana, na makumbusho makubwa huyalazimisha makundi kuzitumia ili ukumbi usigeuke soko. Zina kasoro mbili. Mwongozaji akikata kona ya jengo la mawe, sauti hukatika. Na visikizi vinavyogawiwa huwa vya kutumia mara moja, vigumu, vinavyodondoka sikioni. Nyingi zina tundu la kawaida la milimita 3.5, kwa hiyo beba visikizi vyako vya waya. Ijaribu redio kabla kundi halijaondoka, maana betri iliyokufa ikigunduliwa mbele ya kituo cha tatu haina dawa.

Baadhi ya miji imeweka ukomo kisheria, na ukomo huo ni kipimo kizuri cha kumjua muuzaji. Venice tangu 2024 inakataza kundi la zaidi ya watu 25 na inapiga marufuku vipaza sauti. Amsterdam ukomo katikati ya mji ni watu 15, na tangu 2020 ziara haziruhusiwi kupita mbele ya madirisha ya mtaa wa taa nyekundu, wanakokaa makahaba. Prague mwishoni mwa 2024 ilipiga marufuku matembezi ya kundi ya kuzunguka baa kati ya saa 4 usiku na saa 12 alfajiri. Ukikuta tangazo la Venice linalosema "hadi watu 40", au la Amsterdam linaloahidi madirisha yale, hilo tangazo ama limeoza kwa uzee ama mwenyewe hajali. Katika hali zote mbili mpite.

Kwa miji ya vichochoro kama Venice, Toledo au mji wa kale wa Edinburgh, watu 12 ndio mwisho wa raha. Vienna na Berlin zina njia pana, unaweza kuvumilia 20.

Jihadhari pia na ziara ya lugha mbili. Mwongozaji anasema Kihispania, kisha anarudia kwa Kiingereza. Saa mbili ulizolipia zinakuwa saa moja, na hiyo moja utaipata vipande vipande huku nusu ya kundi ikipiga soga. Tangazo huandika "Kiingereza/Kihispania" bila kufafanua kama ni ziara mbili tofauti au moja iliyogawanywa. Uliza.

Kama mko wanne au zaidi, piga hesabu ya mwongozaji binafsi kabla ya kukata tamaa na bei yake. Yeye hutoza kwa kundi, si kwa kichwa. Akidai euro 200 kwa saa tatu na nafasi katika kundi dogo ni euro 40, mkiwa watano mmelingana naye. Faida ni kwamba mnaanza saa mnayotaka, mnamkatiza kwa maswali, na mtoto akichoka hakuna wa kukuangalia kwa jicho baya.

Nani atazungumza

Sheria za kazi hii hazifanani. Italia, Ugiriki na Austria, kuongoza watalii ni kazi ya leseni, na mwenye leseni huwa na beji. Ufaransa kuna kadi ya kitaaluma ya guide-conférencier, na ndiyo hutakiwa kwa ziara za ndani ya makumbusho na majengo ya kihistoria. Uingereza yeyote anaweza kusimama barabarani na kueleza, lakini beji ya juu kabisa ni Blue Badge, inayopatikana kwa mafunzo marefu na mitihani, nayo ndiyo hufungua mlango wa kuongoza ndani ya sehemu kama Westminster Abbey. Ujerumani na Uholanzi hakuna leseni ya lazima, hivyo beji pekee haikuambii mengi. Huko tafuta maelezo ya mtu: jina, alichosoma, ameishi mjini hapo muda gani.

Kinachoharibika pasipo leseni ni hiki: Italia, mtu asiye na kibali anaweza kuwaongoza vizuri mitaani kwa saa nzima, kisha mkifika kwenye lango anawaambia "ndani mtajionea wenyewe, tukutane upande wa pili". Katika matangazo huyu huitwa "mwenyeji", "msindikizaji" au "rafiki wa mji". Huenda ni mcheshi na huenda anajua mengi. Lakini kama uliyempangia akueleze Forum ya Roma, ambayo bila maelezo ni mawe yaliyoanguka, unahitaji mwenye leseni, na umwombe muuzaji akuandikie hivyo.

Wakati mwingine mwongozaji yumo ndani ya tiketi na watu humnunua mara ya pili. Tower of London, ziara inayoongozwa na Yeoman Warders, wale walinzi wa sare ya kale, imejumuishwa kwenye tiketi ya kuingilia. Ni wanajeshi wastaafu wenye utani mkavu, na hakuna kampuni ya nje itakayowashinda kwenye ngome yao wenyewe.

Maoni ya wateja yasome kwa mpangilio wa mapya kwanza, kisha uende kwenye nyota tatu. Nyota tano nyingi huandikwa mwongozaji akiwa amesimama palepale anaomba, na nyota moja mara nyingi ni mtu aliyechelewa mwenyewe. Wa nyota tatu ndiye aliyekaa akafikiri. Malalamiko ya mvua yaruke. Ya kuzingatia ni manne: "hatukusikia", "tulianza tumechelewa", "mwongozaji hakutokea", na "tulipelekwa dukani". Moja kati ya hayo likijirudia mara tatu ndani ya miezi miwili, achana nao. Hilo la duka lina sura nyingi: duka la ngozi Florence, boti ya "bure" inayoishia kwenye tanuru la kioo katika kisiwa cha Murano, Venice. Angalia pia jina la mwongozaji linalosifiwa na watu tofauti. Ukiliona, iandikie kampuni uulize kama tarehe yako ndiye atakayekuwepo.

Unapoandika, uliza mambo manne tu kwa ujumbe mmoja: kundi ni la watu wangapi kwa wingi wake, mwongozaji ana leseni ya mji huo, tunaingia wapi na tiketi imo kwenye bei, na kuna ngazi ngapi au vilima gani. Jibu lenyewe ni mtihani. Kampuni inayoendesha ziara yake hujibu kwa tarakimu. Muuzaji wa kati hukubandikia tena tangazo ulilokwisha kusoma.

Na wauzaji wa kati ni wengi. Ziara moja huuzwa kwenye tovuti tatu za udalali kwa bei tatu. Mahali fulani chini pameandikwa nani anaiendesha. Chukua jina hilo, nenda kwenye tovuti yake, linganisha. Mara nyingine utapata nafuu, na utakuwa unaongea na mwenye mali. Dalali naye ana faida yake: mara nyingi unaruhusiwa kughairi bila gharama hadi saa 24 kabla. Kama safari yako haijatulia, huenda ikafaa kumlipa dalali kwa ajili hiyo tu. Wapigadebe walio nje ya Colosseum na kwenye kuta za Vatikani, wenye kadi shingoni inayosomeka "taarifa kwa watalii", usiwanunulie kitu.

Ziara za "bure"

Hizi zimeenea kila mji mkubwa, na neno "bure" lielewe vizuri. Hulipi mwanzoni, mwishoni unatoa bahashishi unayoona inafaa. Usichoambiwa ni kwamba katika kampuni nyingi mwongozaji huilipa kampuni kwa kila kichwa kilichokuja. Ndiyo maana kuna picha ya kundi zima mwanzoni: ni kumbukumbu, lakini pia ni hesabu. Ndiyo maana kundi linaachwa lifike watu 35. Na ndiyo maana dakika kumi za mwisho zinageuka mnada wa ziara za jioni. Mtu anayetoa euro 2 huenda amemtia hasara mtu aliyemhudumia kwa saa mbili na nusu.

Kadirio la haki ni euro 10 hadi 15 kwa mtu mzima. Familia ya watu wanne ikitoa 40 imelipa kiasi ambacho pengine kingewapeleka kwenye kundi la watu 12. Hivyo ziara ya bure inamfaa msafiri wa peke yake, asubuhi ya kwanza, katika mji asioujua kabisa, anayetaka kujua kaskazini ni wapi. Haifai kwa kitu chenye lango na tiketi, haifai kwa watoto wadogo, na kwa historia nzito kama ya Berlin ya miaka ya 1930 chagua mtu uliyesoma habari zake.

Bure ya kweli ipo, ila haina matangazo makubwa. York, Uingereza, ina chama cha waongozaji wa kujitolea wanaowatembeza wageni tangu 1951, na hawapokei bahashishi. Bath nako kuna waongozaji wa kujitolea wa meya, matembezi ya takribani saa mbili, nao hawapokei kitu. Miji mingi, Paris ikiwemo, ina wenyeji wa kujitolea wanaoitwa Greeters. Unaomba wiki kadhaa kabla, kundi kwa kawaida halizidi watu 6, na mnatembea mtaa anaoishi au kuupenda yeye. Usimtarajie atoe muhadhara wa wafalme. Atakuonyesha anakonunua mkate.

Saa, siku na jua

Tiketi itaandikwa 10:00. Hiyo ni saa 4 asubuhi, si saa 10. Ikiandikwa 14:30 ni saa 8 na nusu mchana, 17:00 ni saa 11 jioni. Andika saa zote mbili kwenye simu, maana kosa hili huwapata hata wazoefu wakiwa wamechoka. Jumapili ya mwisho ya Machi saa za Ulaya husogezwa mbele saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudishwa. Usiweke ziara ya asubuhi mapema siku hizo. Lisbon na London ziko saa moja nyuma ya Madrid na Paris.

Siku za kufungwa ni mtego mwingine. Makumbusho ya Louvre, Paris, hufungwa Jumanne. Uffizi ya Florence na Orsay ya Paris, Jumatatu. Makumbusho ya Wayahudi ya Prague, yenye masinagogi na makaburi ya kale, hufungwa Jumamosi. Ziara ya Josefov, mtaa wa Wayahudi, siku hiyo ni ziara ya kuta. Italia, Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure, na foleni zake ni za kuzikimbia.

Joto la Julai kusini si la kuzoea. Acropolis, kilima cha mahekalu ya kale Athens, imewahi kufungwa saa za mchana wakati wa joto kali, mwaka 2023 na tena 2024, na tangu Septemba 2023 wanaoingia hawazidi 20,000 kwa siku, kila mtu kwa saa aliyopangiwa. Chukua ziara ya kwanza kabisa ya asubuhi. Marumaru ya pale juu imesuguliwa na nyayo hadi inang'aa, na soli laini huteleza hata kukiwa kukavu.

Kaskazini tatizo ni kinyume. Edinburgh katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, hivyo ziara inayoanza saa 8 mchana inaishia gizani. Juni jua huzama karibu saa 4 usiku. Ziara ya mizimu ya saa 1 jioni mwezi huo mtaitembea kwenye mwanga mweupe kabisa, na mzimu gani utaogopwa hivyo? Chagua ya saa 4 usiku, au ile inayoshuka kwenye vyumba vya chini ya daraja la South Bridge, ambako giza halitegemei msimu.

Ikiwa unapanga siku za mvua, Bologna ina vibaraza vyenye paa kando ya mitaa, jumla kilomita 62, na unaweza kumaliza ziara nzima bila mwavuli.

Miguu

Ziara ya saa mbili na nusu hutembea kilomita 2 hadi 3 tu. Kinachochosha ni kusimama, hasa kwenye mawe. Roma ni vijiwe vyeusi vyenye nafasi katikati vinavyonasa visigino na magurudumu ya kigari cha mtoto. Lisbon ni vipande vya mawe ya chokaa vinavyong'aa, na mvua ikinyesha kwenye miteremko ya mtaa wa kale wa Alfama ni kama sabuni. Vaa viatu vya soli ya mpira ulivyokwisha kuvitembelea. Roma beba chupa tupu, kwa sababu mitaa imejaa bomba za maji safi ya kunywa, ziitwazo nasoni. Usikae kwenye ngazi za Piazza di Spagna. Tangu 2019 kukaa hapo ni faini kuanzia euro 250. Mtoto chini ya miaka 10, dakika 90 zinamtosha.

Siku yenyewe

Fika dakika 15 kabla. Makundi hayasubiri, na pa kukutania ndipo ziara nyingi hufia. Venice anwani hazifuati mtaa. Ni jina la kata na namba, kama "San Marco 1234", na namba hizo huzunguka kata nzima bila mantiki unayoweza kuifuata. Ramani ya simu nayo huchanganyikiwa kati ya kuta ndefu. Omba alama: jina la kanisa, la daraja, la uwanja, na uende kupaona jana yake kama umefika. Prague, uwanja wa mji wa kale huwa na miavuli ya rangi tofauti, kila rangi na kampuni yake, na wengine hukupokea kwa tabasamu bila kukuuliza umeweka nafasi kwa nani. Taja jina la kampuni, usitaje rangi. Saa ya kale ya hapo, ya tangu 1410, hutoa sanamu za mitume wake kila saa kuanzia saa 3 asubuhi. Watu wote wakitazama juu, wezi wa mifukoni wanatazama chini.

Hifadhi kwenye simu picha ya tiketi na namba ya dharura ya kampuni, isiyotegemea intaneti. Ukichelewa usilikimbize kundi. Piga, uliza kituo cha pili ni wapi, uwatangulie.

Dakika 20 za kwanza zitakuambia. Kama husikii, mwambie mwongozaji mara moja, si mwishoni. Kama ni ziara ya bure na haikufai, ondoka kwenye kituo, siyo katikati ya maelezo, ukimwachia kidogo mkononi. Kama umelipia na mliyoahidiwa hayapo, piga picha ya lango mliloachwa nje na umwandikie muuzaji siku hiyohiyo.

Bahashishi itoe kwa fedha ya nchi. Prague ni koruna, Krakow ni zloti, Budapest ni forinti, Edinburgh ni pauni. Sarafu za euro utakazompa mtu wa Prague atahangaika nazo, kwa kuwa maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida hayapokei sarafu za kigeni. Stockholm wengi hawabebi noti kabisa. Muulize mwanzoni anapokea kwa njia gani, ili mwishoni usisimame mbele yake mikono mitupu.